Asubuhi Makumbusho, Jioni Jukwaani: Namna ya Kuipanga Nairobi

Anayelalamika kwamba Nairobi haina pa kwenda zaidi ya maduka makubwa na mbuga ya wanyama, mara nyingi shida yake si mahali bali ni saa. Alifika makumbusho jioni yakifungwa, au akaenda ukumbi wa tamthilia Jumanne akakuta mlinzi na paka. Makumbusho ya jiji hili hufuata saa za ofisi. Tamthilia hufuata mwisho wa wiki. Katikati yake kuna barabara, na barabara ya Nairobi haimfuati mtu. Panga siku yako kwa mambo hayo matatu na utaona mengi kwa pesa kidogo.

Kanuni moja kabla ya yote: usivuke jiji mara mbili kwa siku. Chagua upande mmoja. Pande zenyewe ni tatu: Museum Hill, yaliko Makumbusho ya Taifa, pamoja na Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, katikati ya jiji kwa miguu, na Lang'ata hadi Karen. Anayejaribu kuunganisha Museum Hill na Karen Ijumaa alasiri ataiona Nairobi kupitia dirisha la matatu.

Malipo, kwa sababu hapo ndipo foleni huanzia

Vituo vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya havipokei tena noti mlangoni. Tiketi hulipiwa kwenye eCitizen, mfumo wa huduma za serikali. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, kwa nambari ya kitambulisho au pasipoti, si pale getini huku jua likikuchoma na watoto wakikuvuta nguo. Ukishaingia, tafuta Makumbusho ya Taifa, chagua kituo, siku, na kundi la wageni: raia, wa Afrika Mashariki, au wa kutoka kwingineko, watu wazima kando na watoto kando. Mfumo utakupa ankara.

Kosa la kawaida linatokea hapa. Ukilipa kwa M-Pesa kupitia nambari 222222, sehemu ya akaunti hujazwa nambari ya ankara jinsi ilivyo, pamoja na herufi zake. Wengine huandika jina lao au nambari ya simu, pesa zinatoka, tiketi haiji, na asubuhi inaishia kwenye kupiga simu. Nambari hiyo hiyo ndiyo inayopokea malipo ya serikali ya kila aina, kwa hiyo pasipo ankara hakuna wa kujua pesa zako ni za nini. Nakili, bandika, soma tena, ndipo uweke nambari ya siri.

Anayetoka Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi abebe pasipoti au kitambulisho halisi. Bei ya Afrika Mashariki ni nafuu kuliko ya mgeni wa mbali, lakini hupewi kwa lafudhi. Laini ya simu ya nyumbani usiitegemee kwa malipo haya. Kadi ya benki ni salama zaidi, au mwombe mwenyeji wako alipe kwa simu yake umrudishie.

Tiketi ikishafika, piga picha ya skrini. Mtandao una tabia ya kupotea hatua kumi kutoka kwa mkaguzi.

Museum Hill

Kama una saa tatu tu Nairobi nzima, zipeleke hapa. Makumbusho ya Taifa yako mahali hapa tangu 1930, wakati huo yakiitwa kwa jina la gavana Coryndon. Yalifungwa 2005 kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2008. Hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na moja unusu jioni.

Ukitoka katikati ya jiji, panda gari lolote la Westlands au Kangemi linalopita Waiyaki Way na umwambie kondakta mapema: "Museum." Ukichelewa kusema utashukia Westlands na kurudi kwa nauli nyingine. Mwenye miguu mizuri hutembea kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi kwa muda usiozidi nusu saa, ila mwisho wake ni mlima, na kuvuka magari kwenye mzunguko wa Museum Hill kunataka subira na daraja la miguu, si ujasiri. Getini mifuko hukaguliwa. Chupa ya maji haina shida. Chakula kiache mpaka utoke, kwa sababu bustani ya nje ina vivuli vya kutosha.

Fika mlango unapofunguliwa. Kuanzia kama saa nne, siku za shule, mabasi ya manjano humwaga wanafunzi kwa mamia, na hapo ndipo mpangilio wa kutembelea unapokuwa na maana. Makundi huanza kwa utaratibu: ukumbi wa kuingilia wenye vibuyu, kisha ukumbi mkubwa wa wanyama. Wewe anza kinyume. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya chimbuko la binadamu, ambayo ina chumba kidogo cha mafuvu kisichobeba watu wengi. Ukiingia humo saa tatu kasoro, unasimama peke yako na mababu. Ukiingia saa tano, unaona visogo.

Katika sehemu hiyo anayetafutwa zaidi ni Mvulana wa Turkana, mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, iliyogunduliwa 1984 karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Aliyeiona kwanza alikuwa Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye jicho lake lilivumbua visukuku vingi kuliko wasomi wengi wenye majina. Usipite mbio. Tazama urefu wa miguu, kisha fuvu. Kiwiliwili ni cha mtu unayeweza kumfananisha na jirani, kichwa sivyo. Hapo ndipo maelezo yote ya ukutani yanapoeleweka bila kuyasoma.

Kisha nenda kwenye wanyama, ambako wanafunzi watakuwa wameanza kuondoka. Mifupa ya ndovu Ahmed wa Marsabit imo humo. Sanamu yake ya ukubwa halisi iko uani. Ahmed alikuwa na pembe ndefu kiasi kwamba Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu ya kumlinda, na askari wakamfuata mchana na usiku mpaka alipokufa 1974. Mtoto akiona mifupa kwanza, halafu sanamu, ataelewa anachoangalia. Wazazi wengi hufanya kinyume: sanamu, picha, twende.

Ukumbi wa ndege una mamia ya ndege waliokaushwa, na kwa asiyewajua ni kabati baada ya kabati. Chagua watano unaowaona mtaani kwako (kunguru, mwewe, korongo, chiriku, heroe kama umewahi kufika Nakuru) uwatafute hao tu. Picha za watu wa jamii mbalimbali za Kenya alizochora Joy Adamson zinastahili dakika ishirini, hasa kwa mavazi na mapambo ambayo leo utayaona tu harusini, kama yapo.

Maelezo mengi ukutani ni ya Kiingereza. Waongozaji huzungumza Kiswahili bila taabu, na mara nyingi husimulia vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa maneno waliyoyakariri kwa ajili ya watalii. Patana bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na sema una muda gani. "Saa moja tu" ni sentensi yenye msaada.

Bustani ya nyoka iko kwenye uwanja huo huo na ilianza 1961. Tiketi yake unaweza kuichukua pamoja na ya makumbusho. Ukiamua baadaye, unarudi kwenye eCitizen upya. Utakuta chatu, bafe, swila, mamba na kobe. Nyoka hulala asubuhi ya baridi na wewe utaona kamba iliyokunjwa kwenye kona. Jua likishapanda, baada ya saa nne, ndipo wanajinyoosha. Kwa hiyo: mafuvu kwanza, wanyama, ndege, kisha nyoka. Mwezi wa Julai, mawingu ya Nairobi yakikaa siku nzima, usitarajie mengi. Dakika arobaini zinatosha.

Picha za kumbukumbu hupigwa, lakini zima mwanga wa kamera mbele ya michoro na vioo; kwenye kioo utapata picha ya mwanga wako mwenyewe. Anayekuja na kamera kubwa, stendi na bibi harusi huhitaji kibali, na walinzi wanajua tofauti.

Kutoka makumbusho hadi jukwaani

Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza uko Harry Thuku Road, ukitazamana na hoteli ya Norfolk, hatua chache kutoka Chuo Kikuu. Yaani uko njiani ukiteremka kutoka Museum Hill kurudi jijini. Jumamosi ndiyo siku inayounganisha vyote viwili: makumbusho asubuhi, chakula, kisha onyesho la saa tisa alasiri. Ukifanya hivyo utakuwa nyumbani kabla giza halijaingia sana.

Ukumbi ulifunguliwa 1952, enzi za mkoloni, na kwa miaka mingi hata baada ya uhuru wasanii Waafrika walilazimika kugombania nafasi ya kuutumia. Ulikarabatiwa na kufunguliwa tena 2015. Si mkubwa: chini ya viti mia nne. Hilo ni jambo jema kwa masikio, kwa sababu hata viti vya nyuma husikia, lakini onyesho linalopendwa hujaa.

Maonyesho mengi huchezwa Ijumaa hadi Jumapili. Ijumaa huwa moja, jioni, kwenye saa kumi na mbili unusu. Jumamosi na Jumapili huwa mawili, la alasiri na la jioni. Kikundi hukodi ukumbi kwa siku chache, kinacheza, kinaondoka. Ndiyo maana ukiuliza "mwezi huu kuna nini?" mlangoni, jibu linaweza kuwa bango moja tu la wiki hii. Matangazo ya kweli yako kwenye kurasa za mitandao za vikundi vyenyewe na za Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ndicho mwenye ukumbi. Soma tarehe yote, pamoja na mwaka. Bango la zamani likisambazwa upya limewahi kukusanya watu mbele ya mlango uliofungwa.

Kuhusu tiketi: ya mapema ni rahisi kuliko ya mlangoni, na tofauti hutosha nauli. Nunua kwa nambari iliyo kwenye bango la kikundi chenyewe. Kabla ya kuthibitisha, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji. Likiwa la mtu binafsi usiyemjua, acha. Tiketi ya "rafiki aliyeshindwa kuja" inayouzwa kwenye maoni mtandaoni inaweza kuwa imeuzwa kwa watu sita.

Viti mara nyingi havina nambari. Anayewahi anachagua. Keti safu ya tatu hadi ya saba, katikati. Safu ya kwanza ni ya hatari kwenye vichekesho, kwa kuwa waigizaji wa Nairobi hupenda kumtania wa mbele, na ukiwa na haya utateseka saa mbili. Tangazo likisema saa tisa, pazia linaweza kufunguka saa tisa na nusu. Usiitumie hiyo kama sababu ya kuchelewa. Siku utakayoitegemea ndiyo siku watakayoanza kwa wakati.

Chagua onyesho kwa lugha na aina, si kwa bango tu. Vichekesho vya kikundi kama Heartstrings huchanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, na mizaha yake inategemea siasa za wiki hiyo. Mgeni kutoka Dar es Salaam atacheka nusu, na hiyo nusu inatosha. Kuna tamthilia za Kikuyu tupu ambazo bango lake huenda likawa na maneno machache ya Kiingereza, kwa hiyo uliza. Kuna pia maonyesho ya vitabu vya kutahiniwa, yanayochezwa siku za kazi kwa ajili ya shule za sekondari: kelele nyingi, tiketi nafuu, na hadhira inayoijua kila sentensi kabla haijasemwa. Ukitaka kuona ukumbi ukichemka, ingia moja ya hizo.

Mzazi aulize swali moja kabla ya kulipa: "Watoto wanaweza kuona?" Vichekesho vingi vya jioni ni vya watu wazima hata kama bango lina rangi za pipi.

Katikati ya jiji kwa miguu

Siku hii huhitaji gari, ila viatu. Ifanye siku ya kazi au Jumamosi asubuhi, kwa sababu Nyaraka za Taifa ni ofisi ya serikali na Jumapili hulala.

Anzia Makumbusho ya Reli, upande wa magharibi wa stesheni ya zamani ya Nairobi. Tahadhari: si kituo cha treni ya kisasa kilicho Syokimau. Dereva wa teksi ukimwambia "railway" peke yake anaweza kukupeleka nje ya mji. Makumbusho haya yalifunguliwa 1971, na kwa maoni yetu ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote jijini. Ndani ya jengo kuna vyombo, ramani na picha. Lakini utamu uko uani, kwenye injini zenyewe. Tafuta injini za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki; Mount Gelai na Mount Shengena zilizopo hapa ni milima ya Tanzania, wa pili ukiwa kilele cha Upare, kumbukumbu ya wakati reli ilikuwa ya nchi zote tatu. Unaweza kupanda kwenye chumba cha dereva. Vaa suruali usiyoionea uchungu, maana grisi ya mwaka 1956 bado inafanya kazi.

Lipo pia behewa ambamo simba alimkamata ofisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900, akiwa amekuja kumvizia simba huyo huyo. Ilitokea kituo cha Kima, na wapenda sambusa wasicheke. Angalia ukubwa wa dirisha, kisha ujipimie mwenyewe.

Kutoka hapo rudi Haile Selassie Avenue mpaka inapokutana na Moi Avenue. Kwenye kona ni Bustani ya Agosti 7, palipokuwa ubalozi wa Marekani ulioshambuliwa kwa bomu mwaka 1998. Ukuta wa majina uko nje, na kijumba cha kumbukumbu kiko ndani. Si mahali pa kupiga picha za kujipamba.

Endelea na Moi Avenue, upite sanamu ya Tom Mboya, uingie Nyaraka za Taifa, jengo lenye nguzo lililokuwa benki. Wengi hupita nje miaka kumi wakidhani ndani ni mafaili tu. Mafaili yapo, na msomaji wake hujiandikisha kivyake. Lakini ukumbi wa chini, kwa ada ndogo, una hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, vitambaa, silaha na vyombo kutoka pembe nyingi za Afrika. Nje ya jengo ndipo simu hupotea kuliko pengine popote jijini. Iweke mfuko wa mbele kabla ya kutoka mlangoni, na kama unataka ramani, isome ukiwa bado ndani.

Sehemu nyingine ya ukusanyaji wa Murumbi iko Nairobi Gallery, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo ni la 1913, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na ambapo umbali wa barabara kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia. Hiki ni kituo cha Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo ni eCitizen tena. Ukiwa umechoka vinyago, ruka, na uende Alliance Française na Goethe-Institut, majirani wa Monrovia Street: maonyesho ya picha huko huwa bila malipo, na jioni kuna muziki, filamu au tamthilia. Soma ubao wa matangazo wa ukumbini. Mengi yaliyoandikwa hapo hayafiki mtandaoni kwa wakati.

Lang'ata na Karen

Magari ya Rongai, nambari 125 na 126, hupita Bomas. La 24 huendelea hadi Karen. Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, iliyojengwa 1912 na kufunguliwa kuwa makumbusho 1986, ni ndogo: dakika arobaini na tano pamoja na maelezo ya mwongozaji, na zaidi kama utakaa bustanini ukitazama vilima vya Ngong.

Bomas, iliyoanzishwa 1971 kwa ajili ya ngoma za jamii za Kenya, ndiyo inayohitaji uangalifu. Ujenzi wa kituo kikubwa cha mikutano ulianza hapo 2025, lakini ratiba ya zamani ya ngoma za kila alasiri bado imetapakaa mtandaoni. Usiifuate. Piga simu siku hiyo hiyo, uulize mambo mawili: je, wachezaji wanacheza leo, na wanachezea wapi? Miaka ya uchaguzi mkuu ongeza la tatu, kwa maana kura za urais zimejumlishwa hapo 2013, 2017 na 2022, na wakati huo aliye getini si muuza tiketi.

Kurudi nyumbani

Onyesho la jioni humalizika kwenye saa tatu. Agiza teksi ya programu ukiwa bado ndani ya uwanja wa ukumbi, uhakikishe namba ya gari, ndipo utoke getini. Mvua ikinyesha, kama inavyofanya kati ya Machi na Mei na tena Oktoba hadi Desemba, bei ya teksi hupanda na nauli ya matatu nayo hupanda; weka akiba mara mbili ya nauli uliyokuja nayo. Na kabla ya kununua tiketi yoyote ya mwisho wa Juni au ya Saba Saba, tazama habari: mwaka 2025 barabara za kuingia jijini zilifungwa tarehe 25 Juni na 7 Julai kwa sababu ya maandamano. Ukilazimika kutoka siku kama hizo, uliza kwanza magari ya kwenu yanaishia wapi.